Nilivyokificha Moshi Kikasha cha Kupimia

Jikoni tulikuwa wanne: mimi, mkamwana wangu, mwanawe mchanga aliyekohoa bila kupoa, na binti mtafiti kutoka Dodoma mjini.

Binti alitundika kikasha cha kupimia moshi juu ya mafiga. “Bibi, pikeni kama siku zote. Nyumba yenye moshi mwingi tutaijengea dohani.” Akaenda kwa jirani.

Mimi nikawaza, chombo cha watu kitajaa masizi! Nikahamishia ugali uani. Mkamwana hakutulia, mara mlangoni, mara kwa mtoto. “Mama, unatukosesha dohani!”

Binti aliporudi, kikasha kilionyesha hewa safi. Nikamshika mkono. “Mwanangu, nimekificha moshi. Kiache hadi kesho.”

Nakumbuka alicheka, akakiacha. Kama kwanza alikataa, mnaojua nisahihisheni, maana macho yangu yalikuwa kwa mtoto.