Sauti ya Shosho Vipande Vipande

Shosho, mamake mama, alituachia sauti. Nilimrekodi jikoni akimsimulia mama usiku aliomzaa, huku akifukuza kuku. Wakati huo nilikuwa chuo kikuu na sikuamini kampuni yoyote inayosema itakuhifadhia vitu vyako. Kwa nini ihifadhi? Hadi lini? Basi nikaiweka rekodi kwenye mtandao usio na mwenyewe: programu hukata faili vipande vipande, na kila kompyuta iliyo na kipande humpa anayekihitaji. Tuliogawana rekodi hiyo tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu wa Kianyaga, na rafiki yangu wa Nanyuki, ambaye baba yake huuza mbuzi wanaotoka Doldol.

Mwaka huu kompyuta yangu ikafa. Nikaazima nyingine, nikaiwasha nyumbani kwetu Chaka, nikafungua ile programu. Mama akavuta kiti. Tangu mazishi hakuwa amesikia sauti ya mamake.

Vipande vikaanza kuingia kutoka Kianyaga bila mpangilio, vya mwisho kabla ya vya kwanza. Kisha vikakwama. Binamu alikuwa amefunga programu yake zamani, kabla ya kupata faili nzima; aliifungua tena siku hiyo tu, nilipomwomba. Vilivyobaki vilikuwa Nanyuki, na Nanyuki kulikuwa kimya. Nikampigia rafiki yangu, simu ikiwa kwenye spika.

"Kompyuta iko kwa duka la babangu," akasema. "Mzee huzima soketi wateja wakiisha. Ati stima inakula faida."

"Si uiwashe?"

"Wewe si ndiye usiyeamini kampuni? Sasa bembeleza muuza mbuzi."

Mama alicheka. Yeye mwenyewe huzima hadi soketi ya redio. Mimi sikucheka. Mtandao niliousifu miaka yote ulikuwa unategemea kidole cha mzee mmoja.

Chai ilikuwa imepoa mzee alipokubali kuwasha soketi na vipande vikaanza tena kuingia. Faili ikajaa. Shosho akakohoa, akamkemea kuku, akaendelea: mvua, giza, mtoto aliyekataa kulia. Mama aliinamisha kichwa hadi mwisho, kisha akaomba nirudishe pale pa kuku.

Baadaye nilinyoosha mkono kuzima soketi. Mama akaushika.

"Binamu yako ameipata yote?"

"Bado. Anavuta kutoka kwetu."

"Basi wacha iwake."

Akaleta kitambaa chake cha kufuma aifunike kompyuta isiingie vumbi. Nikamwambia itapata joto. Akakikunja, akakitandika chini yake.