Milango ya Fundi Haigongi Mtu

Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja Mama Mlango, mfagizi wa chuo cha udaktari, anapigwa na mume asiye wake. Kila siku ya mtihani huigiza mgonjwa: hupakwa rangi ya zambarau chini ya jicho, akakaa juu ya kitanda cha wagonjwa na kumwambia kila mwanafunzi, "Niligonga mlango, daktari." Haruhusiwi kusema zaidi mpaka mume atolewe chumbani na yeye aulizwe waziwazi kama kuna anayemuumiza. Profesa husahihisha akiwa nje, akichungulia kwenye kioo kidogo cha mlangoni.

Mwaka huu mwigizaji wa mume aliugua. Chuo kikamchukua mume halisi wa Mama Mlango, fundi seremala, mtu mpole anayemwomba paka radhi kabla ya kumwondoa kitini.

Mwanafunzi wa mwisho aliitwa Jasho, na alikuwa analo. Alishaanguka mara mbili chumba hichohicho, kwa kosa lilelile la kumsahau mume kitini. Akianguka tena, chuo basi. Mama Mlango alimwonea huruma, lakini angefanyaje?

"Niligonga mlango, daktari."

"Mlango gani?" fundi akadakia, kasahau kabisa kilichomleta. "Milango ya kwangu nimeichonga kwa mikono hii. Haigongi mtu!"

"Fundi, nyamaza," mkewe akanong'ona.

"Ninyamaze vipi, unanichafulia jina?" Akachomoa futi mfukoni, akampima. "Tazama, daktari. Kitasa kinamfika nyonga. Jicho liko huku juu. Kitasa kiliruka?"

Jasho akatazama futi, akatazama jicho.

"Kwa hiyo haukuwa mlango."

"Ndicho ninachosema!"

"Mzee, tupishe kidogo. Nataka kuzungumza na mama peke yake."

Mama Mlango almanusura apige kigelegele. Fundi alitoka amenuna, akausukuma mlango kwa nguvu. Nje kukasikika kishindo.

Jasho hakugeuka. Alivuta kiti. "Mama, kuna mtu anakuumiza nyumbani?"

"Mume wangu," akajibu kama alivyofunzwa. Machozi ya furaha yakamtoka bila kufunzwa.

"Si kosa lako. Hutoki hapa mpaka tujue utakaa wapi salama."

Kengele ikalia. Nje walimkuta profesa, mwanamama mzima, ameshika jicho linalovimba.

"Mlango umenigonga," alisema.

Jasho alimtazama fundi. Fundi akasogea mbali bila kuambiwa.

"Profesa," Jasho akasema kwa upole, "tukae pembeni, sisi wawili tu. Nyumbani kuna mtu anakuumiza?"

Profesa, kwa jicho moja, akaandika: amefaulu.

"Ila ieleweke," fundi akasema kutoka kule mbali, "mlango huo sikuuchonga mimi. Huo wa dukani."