Simu Niliyoishika Mimi

Mwaka huo nilikuwa nimechoka na foleni, nimechoka kabisa. Kumpeleka mama hospitalini Meru kutoka kwetu, nje kidogo ya Mikinduri, kulimaliza siku nzima: kumbembeleza mwalimu mkuu anipe ruhusa, benchi, faili haionekani, kisha unaambiwa urudi Alhamisi. Kwa hivyo niliposikia unaweza kuongea na daktari kwa simu, hakuna aliyehitaji kunishawishi.

Tulikaa sebuleni, mama na mimi. Kiswahili chake ni cha kuuzia ndizi sokoni, na daktari, kijana wa sauti ya upole, hakujua Kimeru. Basi nikaweka simu kwa spika, nikawa mkalimani.

"Shosho anaumwa wapi?" daktari akauliza, akimwita mama bibi kwa heshima.

Mama alitazama mlango wa jikoni, akavuta leso mabegani, akasema mgongo. Daktari akauliza kama kuna uvimbe au kidonda mahali popote. Nilitafsiri mbio mbio, maana nilikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha. Mama akasema hakuna. Tukaandikiwa dawa za maumivu.

Kesho yake msichana wa huduma hiyo alipiga kuuliza kama tuliridhika, tutoe alama moja hadi tano. Nikampa tano kila swali, na juu ya hayo nikamsifu daktari. Sikudanganya, niliridhika kweli. Mama alikuwa hapo nje akichambua maharagwe, na wala sikumwita.

Miezi minne ikapita. Mama akashikwa na homa, mke wangu akamwogesha. Alipotoka chumbani alinivuta hadi nyuma ya zizi, akaniambia titi la kushoto la mama lina uvimbe mgumu na ngozi imeanza kupasuka.

Kwetu, mwanamume akishatahiriwa haingii chumba cha mamake, na mama hamtajii mwanawe mambo ya mwili wake. Hilo sikufundishwa na mtu mgeni, nimelijua tangu nitoke jandoni. Nimesoma, nimefundisha watoto wa watu miaka ishirini, na bado nilimketisha mama mbele yangu nikamuuliza anaumwa wapi. Mke wangu alikuwa jikoni, hatua kumi hivi, akimenya viazi. Najichukia nikikumbuka.

Hospitalini walitueleza kwa adabu kwamba tumechelewa, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Jioni hiyo, kando ya kitanda chake wodini, nilimuuliza mama kwa nini hakusema siku ile. Niliuliza kwa ukali, Mungu anisamehe.

Hakukasirika. Aligeuza uso ukutani, akanijibu polepole, kwa uchovu.

"Nilikuwa nangoja utoke kidogo, mwanangu, nimwite mke wako anisemee. Lakini ulimuaga daktari haraka, ukakata."