Lipu ya Mchanga wa Pwani

Mama yangu huwaambia majirani zake wa Kisauni kwamba mimi nimesoma. Sikusoma. Nilinunua kamusi kuukuu, moja baada ya nyingine, nikazipitia jioni baada ya kazi ya stoo huko Changamwe. Yalinivutia zaidi majina ya vitu visivyo na umbo: udongo, tope, fusi, vumbi.

Wazee wa upande wa mchumba walipotuma habari kwamba watakuja kumposa dada yangu, mama alitaka kuwaita wanawake wa kanisani waje kuukandika upya ukuta wa mbele kwa udongo, kama afanyavyo kila mwaka. Nilimkataza. Ukuta upigwe lipu ya saruji, nikasema. Mchanga nilikuwa nimeshauchota ufuoni, magunia kadhaa, mweupe na laini.

Fundi aliushika mchanga kiganjani, akaguna. "Huu wa pwani, bosi?"

Nikamjibu kwamba mchanga ni mchanga.

"Wewe paka tu," mama akamwambia. "Mwanangu ajua."

Siku ya wageni ukuta ulikuwa umeota unga mweupe. Mama akautundikia leso mbili, akamketisha mzee wao mahali pa heshima, mgongo ukutani. Kisha akanigeukia.

"Hebu waeleze wageni yale maneno yako."

Nikaeleza. Udongo ni ndugu wa ulongo wa Kigiriama. Saruji ilianzia kwa Waajemi, Waarabu wakatuletea. Madini na zebaki ni ya Waarabu pia. Wageni waliitikia kwa adabu. Mama alikuwa akiwatazama wao, si mimi, kuona kama wanasikia.

Mzee akaegemea ukuta vizuri. Pande la lipu likabanduka nyuma ya leso, likamwangukia begani, likatawanyika kwenye koti lake jeusi. Akaokota kipande, akakigusa kwa ncha ya ulimi.

"Na hiki, mwalimu, chaitwaje?"

Wenzake wakacheka. Mama hakucheka. Alinitazama akingoja, kana kwamba jina lingetosha kuushika ukuta.

"Chumvi, baba," nikasema. "Mchanga niliuchota ufuoni."

"Ala! Basi mchuzi wa nyumba hii hautakuwa chapwa kamwe."

Wakacheka tena, bila ubaya. Mama alichukua ufagio, akainama kufagia miguuni pao.

"Mtuwie radhi, wazee wangu," akasema. "Ni mvua hizi."

Mvua haikuwa imenyesha tangu Pasaka.