Kitambo cha Malindi

Nakumbuka siku wivu uliponitoa kwangu Kiminini na slipa miguuni, mwanangu, nikafika kwa shangazi yangu kule Myanga hata leso sijabeba. Nakuambia kwa sababu jana nilikuona ukichungulia simu ya mumeo.

Mume wangu Baraka ni mtu wa Malindi. Alikuja huku kutafuta mahindi, akanipata mimi. Tukiwa bado wageni katika ndoa, tulienda soko la Bungoma, na mwanamke mmoja akamwita jina lake akicheka. Alikuwa na mwanya. Mimi sina mwanya.

Njiani nikamwuliza ni nani. Akajibu, huku anatafuna muwa, "Huyo? Tulikuwa pamoja kitambo, kabla sijakujua wewe."

Kitambo! Huku kwetu, si unajua, ukisema kitambo umesema muda mrefu, miaka na miaka. Moyo ukawaka. Nikaanza kuhesabu sufuria alizompikia, mashati aliyomfulia. Usingizi ulinipaa. Kulipokucha nikaondoka bila kuaga.

Shangazi alikuwa anapepeta maharagwe, wala hakuinuka. Nikamweleza yote.

"Na hicho kitambo chake ni kirefu namna gani?" akaniuliza.

"Shangazi, kitambo si ni kitambo?"

"Ulimwuliza?"

Nikainama kuokota maharagwe yaliyomwagika.

"Ati umeacha nyumba kwa neno ambalo hujui urefu wake. Rudi ukaulize. Ukikuta ni miaka, maharagwe yako hapa, tutapepeta pamoja."

Nilirudi nimenuna. Nikamkuta Baraka mlangoni, macho mekundu, ugali umeungua ndani. Nikamwuliza. Akanishangaa.

"Kitambo ni muda mchache tu. Kwetu ukiambiwa ngoja kitambo, hutafuti hata kiti. Mimi na yule hatukumaliza hata msimu mmoja wa mvua."

Nikacheka, nikalia, nikasugua sufuria. Lakini sikudanganyi, ule mwanya bado unaniuma.

Kwa hivyo sikukatazi wivu, mwanangu. Anayependa huona wivu. Lakini kuuliza si ujinga, na hasira hasara. Neno la mumeo likikuchoma, usikimbie nalo. Mrudishie, umwambie alifungue mbele yako. Na hiyo simu, iweke chini, umwulize mwenyewe akiwa ameshiba.

Mungu akulindie nyumba yako. Awape kukaa pamoja kitambo, na nikisema kitambo nasema cha kwetu huku, si cha Malindi.