Kumsindikiza Mchungaji Yona Hadi Houston

Safari yangu ilianza na simu ya Mama Anaeli. Huyu ni mtoto wa hapa hapa kwetu Marangu, siku hizi ni muuguzi huko Garland, jirani na Dallas, na ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri unaoabudu kwa Kiswahili. Mchungaji wao, Yona, alikuwa amehamia Houston ghafla, na usharika ulikuwa mbioni kupasuka. Watanzania walitaka kubaki Garland, Wakenya walitaka kuanzisha wa kwao Lewisville.

"Tukigawanyika, hakuna upande utakaoweza kumwita mchungaji," aliniambia. "Tutabaki kusali sebuleni. Baba, njoo utushike mkono mpaka tumpate mwingine."

Mimi nimestaafu uchungaji, migomba yangu imepaliwa, na mke wangu alikuwa amechoka kufundishwa kupika na mtu asiyejua kupika. Dayosisi ikaniruhusu kwa sharti moja: niwe mchungaji wa muda, na nisijisahau.

Uwanja wa ndege wa Dallas nilipokewa na makundi mawili, moja kila upande wa mlango, na kila moja lina maua yake. Mama Anaeli akanishika mkono. Sanduku langu likashikwa na Bwana Mutiso, mzee wa kanisa kutoka upande wa Wakenya, anayefanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja Richardson.

"Pastor, room yako iko ready Lewisville," alisema Mutiso.

"Baba Mchungaji analala Garland. Tumeshapika," alisema Mama Anaeli.

Hakuna aliyeachia alichoshika. Basi mimi nikaenda Garland, sanduku likaenda Lewisville. Kesho yake nilikunywa chai nikiwa nimevaa fulana ya mume wa Mama Anaeli, mtu mwenye mwili wa watu wawili, na kila nilipoinama kuchukua chapati bega moja lilitoka nje.

Jumapili ya kwanza joho langu lililetwa na Mutiso, limepigwa pasi vizuri mno. Tunaabudu katika kanisa la Wamarekani, wao wakishatoka ndipo sisi tunaingia. Karibu na madhabahu palikuwa na kiti kizuri cha mbao chenye mto mwekundu. Nilipokaribia kukikalia, usharika mzima ulikohoa, Watanzania na Wakenya kwa pamoja.

Mama Anaeli akaja akininong'oneza. "Baba, hicho ni cha Mchungaji Yona. Wewe kaa hapa." Akanikunjulia kiti cha chuma kilicholia kila nilipohema.

Niliudhika, siwafichi. Nimekalia viti vya kanisa tangu wengi wao hawajazaliwa. Nikahubiri juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Watanzania wakaitika amina, na Wakenya wakaitika baada yao kwa sauti kubwa zaidi.

Wiki zilizofuata niliishi kama mtoto wa wake wenza, leo Garland, kesho Lewisville. Kila nilikofika swali lilikuwa moja.

"Pastor, kule walikupikia nini?" aliuliza Mutiso.

Nikasema kweli: mtori, na ndizi za nyama. Siku ile ile akachomwa mbuzi karibu nusu. Garland waliposikia habari za mbuzi, wakapika pilau ya kulisha harusi. Fulana ya mume wa Mama Anaeli ikaanza kunikaa.

Na juu ya kila sahani nilipewa siri. Garland waliniambia kwamba Wakenya ndio waliomchosha Yona hadi akakimbia. Lewisville waliniambia kwamba ni Watanzania. Nilipouliza walimchosha kwa lipi, pande zote mbili ziliniongezea mchuzi.

Kwenye kikao cha wazee wa kanisa nikaona bora niulize lile ambalo mtu wa kwetu huuliza. "Mlimsindikiza mpaka wapi?"

Mutiso akaitazama simu yake. "Pastor, alituma tu message kwa group. Halafu aka-leave."

"Hata mkono hatukumpa," alisema Mama Anaeli, na sauti yake ikawa ndogo.

Hapo ndipo nilipokielewa kile kikohozi. Kwetu mtu asiyesindikizwa bado hajaondoka, na watu hawa walikuwa wakimchunga mchungaji aliyekwisha kuhama. Nikasema twende Houston.

"Si tu-drive tu Saturday, tumsalimie, turudi?" aliuliza Mutiso.

"Humsindikizi mtu aliyeko kwake, Mutiso," alisema Mama Anaeli. "Kwanza tumlete huku, ndipo tumsindikize."

Nilingoja wacheke. Wote wakatikisa vichwa kukubali, na Wakenya ndio waliokubali zaidi. Lilikuwa jambo la kwanza walilopatana tangu nifike.

Houston tulifika Jumamosi mchana, watatu katika gari la Mutiso, kukiwa na joto la mvuke kama tumefunikwa sufuria moja. Yona alikuwa anamwagilia nyanya zake akiwa na kaptura. Alipotuona alilowesha viatu vyangu. Tukamweleza kilichotuleta.

"Mmekuja kunichukua ili mnirudishe tena hapa?"

"Ndiyo," nilisema.

"Na nikikataa?"

"Tutakaa," alisema Mama Anaeli, akaketi barazani. Alikuwa amekuja na mto wake kabisa. Mke wa Yona alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaingia ndani kupanga nguo zake na za mumewe, wakatufuata kwa gari lao.

Jumapili, Garland, Yona alisimama mbele na asikalie kiti chochote. "Hakuna aliyenifukuza," alisema. "Mke wangu amefanya zamu za usiku miaka mingi. Houston alipata kazi ya mchana, nikasema safari hii mimi ndiye nitakayemfuata. Sikuaga kwa sababu nilijua nitalia. Ikawa rahisi kubonyeza simu."

Mama Anaeli alimgeukia Mutiso. "Mimi nilisema ni ninyi."

"Na sisi tulisema ni ninyi," alijibu Mutiso. Wakaangalia sakafu kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni.

Tukamvika Yona na mkewe vitenge, tukawaimbia, tukashika njia kuu ya kusini kuwasindikiza. Mama Anaeli aliamuru msafara usikatike, kila gari liwashe taa zote za tahadhari, na asiwepo wa kumpita Yona. Tukaenda polepole. Baada ya muda nikaona magari ya watu yanasogea kando na kusimama. Mzee mmoja wa Texas alishuka kwenye pikapu yake, akavua kofia na kuiweka kifuani.

"Pastor, hawa wanadhani ni mazishi," alisema Mutiso.

"Wapungie mkono," nilimwambia. Mutiso akapunga kwa furaha, na yule mzee akazidi kutuonea huruma.

Houston tulikula, tukaaga, na Yona akatusindikiza hadi getini. Kisha hadi kwenye magari. Kisha akaingia kwenye gari lake na mkewe, akatusindikiza hadi kituo kikubwa cha mafuta katikati ya njia ya Dallas.

"Jamani, hatuwezi kumwacha hapa peke yake," alisema Mama Anaeli. "Tumrudishe kidogo."

Niliona tutazeeka barabarani. Nikatumia mamlaka yangu kwa mara ya kwanza na ya mwisho: nikasema tunaagana hapo hapo. Tukashikana mikono kati ya pampu na malori, nikaomba. Yona alilia kama alivyoogopa. Mutiso naye alifuta macho, akasema ni allergy.

Kikao cha usharika kilichofuata, kura ya kubaki pamoja ilikuwa fupi kuliko sala ya kukifungua. Miezi michache baadaye wakampata mchungaji mpya, na zamu yangu ikaisha.

Siku ya kurudi nilipelekwa uwanjani na gari moja. Mutiso aliendesha, Mama Anaeli alikaa mbele, na sanduku langu nililipakata mwenyewe nisije nikaachana nalo tena. Walinisindikiza mpaka walipozuiwa na askari wa ukaguzi. Mama Anaeli alimwuliza kama angeruhusiwa kunifikisha tu kwenye siti yangu, na askari akamjibu kwa adabu kuwa haiwezekani. Mimi ninayejidai mtu mgumu nilitembea bila kugeuka, maana nami sasa nilikuwa na allergy.

Hapa nyumbani mmeniuliza nimejifunza nini Marekani. Nimejifunza kwamba kumpokea mgeni huanza na kumuaga vizuri aliyetangulia, na kwamba mtu anaweza kusahau njia ya kwao asisahau kusindikiza.

Jumapili iliyopita nilipokea ujumbe wa Mutiso: "Pastor mpya amekaa kwa kiti. Hakuna mtu amekohoa." Nilimshukuru Mungu kwa moyo wote. Halafu, kwa kuwa sitaki kuwadanganya, niliona wivu, maana ule mto mwekundu sikuwahi kujua ulaini wake.