Magogo mabichi ya Bulengera

Hii aibu ningeimeza, mais Bulengera nzima inaijua. Nilijenga nyumba ya magogo ya kalitusi, yangali mabichi. Baba-mukwe alinionya: «Acha kwanza miti ikauke, ao ujenge na matofali.» Nikamujibu matofali ni ya batu ba zamani.

Miti ikakaukia mu ukuta, matundu yakafunguka. Kuku zikaingia bila kupita ku mulango. Nikaziba na matope, na makaratasi, mwisho na suruali yangu ya misa.

Jumapili muzee, baba-mukwe, akatoka Beni kuona nyumba. Bibi yangu, binti yake, akamudanganya niko Mutwanga, na miye nimejificha mu chumba. Muzee akakunywa chai inje, akaangalia ukuta, akavuta ile suruali polepole. Tukaonana macho kwa macho.

«Mukwe,» akasema, «ukitoka Mutwanga, utuletee papai.»